Nilivyofundishwa Kupokea Teke la Bunduki, Mweiga

Kilichonitoa Voi ni bega. Tuseme ukweli, na macho pia. Mimi ni askari wa wanyamapori katika hifadhi ya jamii, na kazi yangu kubwa ni kuwasindikiza akina mama wa kijiji chetu wanapokwenda kuteka maji kwenye bwawa ambalo nyati nao wanalipenda. Anayetangulia hubeba bunduki kubwa, ile ya kumzuia nyati akija mbio. Bunduki hiyo ina teke la punda! Kila baada ya mazoezi bega langu lilivimba, hata nikaanza kufumba macho kabla haijalia, na risasi zikawa zinakwenda zinakotaka. Habari za macho yangu zilifika bwawani kabla yangu. "Mghoi ni mwanetu, tunampenda," akina mama walimwambia mkuu wangu, "lakini akifumba macho, nani atamwona nyati? Tupe mwingine." Jamani, nililia. Mkuu akanipa nafasi moja: niende Mweiga kwa mkufunzi wa shabaha anayemfahamu, kisha nirudi nipimwe. Nikishindwa, nitabaki langoni kufungulia magari.

Asubuhi nilipanda treni, na kufikia mchana nilikuwa Nairobi nikitafuta gari la Nyeri. Kutoka Sagana barabara ilianza kupanda, na mimi nikaanza kuvaa. Tulipopita Karatina nilikuwa nimejifunga leso juu ya sweta, na abiria mwenzangu, aliyevaa shati tu, akanipa pole kama niliyefiwa.

Mweiga nilifika jioni, ukungu umeshashuka. Kwa bunduki kubwa namna ile nilitarajia mkufunzi wa miraba minne. Aliyenipokea ni mama mdogo wa umbo, amevaa gambuti, kichwa chake kinanifika begani. Wanamwita Mama Nyambura.

"Ni wewe bunduki inapiga?" aliniuliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Ati shikamoo! Huku utasema hiyo mpaka uchoke. Kuja ukunywe chai."

Mumewe, Baba Nyambura, alikuwa ametoka kukamua, na chai yenyewe ilikuwa maziwa yaliyoonyeshwa majani. Walinipa kitanda kilicho karibu na jiko na blanketi mbili, kisha Mama Nyambura akaja kuniongezea ya tatu bila kuombwa.

Asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa ranchi anakofanya kazi. Kwanza alinivika vifuniko vya masikio. "Nusu ya hiyo teke iko kwa masikio," alisema. "Ukisikia kelele, mwili inafikiria imeumia." Akakishika kitako cha bunduki, ambacho kilikuwa na mpira mnene, akakitoa juu ya mtulinga wangu na kukiweka kwenye kishimo chenye nyama, kando kidogo. Shavu juu ya mbao, mguu wa kushoto mbele, kitako kivutwe kikaze begani. Hata uzito wa bunduki, ambao nilikuwa nikiulaani, akasema niushukuru, maana bunduki nyepesi hupiga teke zaidi.

Kisha akanigeuza nyuma ili nisione anavyojaza. Alichanganya risasi za kweli na za bandia. Ya kwanza ililia, nami bega likaniwaka. Ya pili nikabana macho, nikafyatua. Tk! Kimya. Lakini mtutu ulikuwa umeshainama chini kama kuku anayedonoa.

"Haiya! Umeona? Bunduki imenyamaza, wewe umeruka peke yako!" Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi nami nikacheka, lakini aibu ilinijaa tele. Tulirudia asubuhi nzima. Maneno yake niliyajua yote, ila mgongo wangu ulikuwa ukirudi nyuma wenyewe.

"Unatoroka na bado umesimama," alisema mwishowe, na sasa hakuwa akicheka. "Mimi siwezi danganya mkuu wako, mami. Vile uko saa hii, hauko tayari."

Siku ya pili alinikataza kugusa bunduki, bega lipumzike. Alikuwa na viazi vya kupeleka Karatina, nami nikamfuata. Pikapu iliishia nje ya soko, tukapakia magunia kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni, jamaa mmoja mchangamfu, alivuta mbele, nami nikajitolea kusukuma nyuma. Nilinyoosha mikono, mwili nikauacha mbali nisichafuke. Gurudumu likakwama kwenye jiwe, mkokoteni ukarudi, ukanigonga kifuani nikaona nyota mchana.

"Madam, ingia kwa mzigo!" yule jamaa alipiga kelele. "Ukikaa mbali, itakupiga. Ukishikana nayo, itakusukuma tu!"

Nikaegemeza bega kwenye gunia, mguu mmoja nyuma. Jiwe la pili lilipofika, mkokoteni ulirudi tena, lakini nilirudi nao kidogo, tukaendelea. Nilisimama katikati ya soko mdomo wazi. Mama Nyambura alinitazama, akatabasamu. "Hiyo ndio nimekuwa nikikuambia jana yote," akasema.

Asubuhi ya tatu niliiegemea bunduki kama lile gunia. Ilipolia ilinisukuma, haikunipiga. Nikafyatua tena: tk! Mtutu haukutikisika, na tundu la risasi ya kwanza nililiona mimi mwenyewe, kwa macho haya. Nilimkumbatia yule mama nusura nimwangushe. Baada ya risasi chache akanizuia: bega likichoka hukumbuka uoga, kwa hiyo nyumbani nifanye mazoezi bila risasi, na risasi za kweli nizipige kwa uchache.

Waliniaga na viazi, na mpira wa kitako ambao Baba Nyambura alimshonesha fundi wa viatu kwa ajili ya bunduki yetu. Watu ambao hawakunijua wala kunizaa! Mungu awazidishie. Nilikwenda nikidhani nguvu zimenipungukia, nao wakanionyesha kwamba nguvu ninazo, ila nilikuwa nikiacha pengo kati yangu na kile ninachokiogopa, na katika pengo lile ndimo nilimopigiwa.

Voi nilipimwa mbele ya wenzangu wote, nikapita. Kesho yake nilitangulia kwenda bwawani na bunduki kubwa. Mwanzoni akina mama walinifuata kimya kabisa, hata ndoo hazikugongana. Tulipofika kwenye vichaka vya nyati mmoja akanong'ona jambo kuhusu harusi ya jirani, mwingine akamjibu, na punde si punde walikuwa wakisengenya kwa sauti na kucheka. Mwenye hofu hasengenyi. Sikugeuka, macho yangu yalikuwa kwenye vichaka, lakini sijawahi kufurahia umbea maishani mwangu kama asubuhi ile.