Maziwa Niliyomwandikia Yudith

Siku yangu ya kwanza kazini nilimvalisha mtoto mizani vibaya. Mnaijua ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa saa juu na kibukta cha kitambaa chini, mtoto anapitishwa miguu kwenye matundu mawili. Mimi nilipitisha mkono mahali pa mguu. Mtoto akapiga yowe, mama yake akapiga yowe, na benchi zima la akina mama likacheka. Ilikuwa hospitali moja kule Mpwapwa, nimetoka chuoni juzi tu, gauni jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Muuguzi Kiongozi wa kliniki ya mama na mtoto, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuja akamtoa mtoto akaniambia, "Binti, hapa tunapima uzito. Hatutundiki nyama."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kadi ya mtoto na ule mstari wa ukuaji tunaouchora kila mwezi. Mstari ukipanda, mpongeze mama. Ukilala, muulize anakula nini. "Na ukishuka," akasema, "mwambie anywe maziwa. Ng'ombe tunao, kisingizio hakuna."

Neno hilo nilitembea nalo miaka mingi ya kazi. Wala halikuwa geni kwangu. Kwetu Ugogoni, kwa wenye mifugo, mwanamke aliyejifungua hupikiwa uji wa uwele wenye maziwa, na mama mkwe anayejiheshimu humtengea ng'ombe wake wa kukamuliwa asubuhi na jioni. Mama mkwe akifanya hivyo anasifiwa mtaa mzima. Basi mimi nilikuwa naandika kwenye kadi, kwa mwandiko mkubwa: ANYWE MAZIWA. Nisikilizeni vizuri, ninyi manesi vijana, maana kwa wengi ushauri huo ulikuwa sawa, na hapo ndipo hatari yake ilipojificha.

Baada ya Mpwapwa nilihamishiwa zahanati moja ya upande wa Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Mkubwa wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, kijana kwangu kwa umri, mpole, mwenye maswali mengi hadi anachosha. Nilimwona wa vitabu tu. Mungu anisamehe, nilikuwa na kiburi cha mtu aliyepima watoto wengi.

Yudith aliletwa pale na mama mkwe wake, Bibi Sechelela, mtoto akiwa na wiki sita. Mtoto aliitwa Elisha. Mashavu yake yalikuwa mekundu na makavu, yamechubuka kwa kujikuna. Alikuwa akinyonya kidogo, anajinyonganyonga, anaachia ziwa analia, kisha analitaka tena. Yudith akafungua kitambaa cha choo alichokuja nacho. Kulikuwa na ute, na ndani ya ute michirizi myembamba ya damu. Damu kwenye choo cha mtoto mchanga si kitu cha kuzoea, hata ukae kazini miaka mingapi.

"Anakunywa kitu kingine?" nikauliza.

"Hapana sista. Ziwa langu tu."

Tulifikiri ni kuhara damu. Akapewa dawa, akamaliza dozi, damu ikabaki palepale. Homa hakuwa nayo. Mwezi uliofuata mstari ukalala. Nikamgeukia Bibi Sechelela nikamwambia mbele ya benchi zima, "Bibi, mzazi wako hashibi. Mwongeze maziwa." Nikaandika kwenye kadi kama kawaida yangu.

Bibi Sechelela alikuwa mtu wa kutii. Kibuyu kimoja kikawa viwili, uji ukapikwa kwa maziwa matupu, na maziwa ya mgando yakawekwa pembeni ya ugali kila siku. Waliporudi, mstari ulikuwa umeshuka. Upele umefika shingoni na nyuma ya magoti. Damu imezidi. Mimi nilishika kadi ile nikaogopa kumtazama Yudith usoni.

Hapo ndipo Bibi akasema lile neno. Alisema taratibu, lakini benchi likasikia. "Huyu mtoto amebemendwa."

Kubemenda, kwa asiyejua, ni imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, maziwa ya mama yanaharibika na mtoto anadhoofu. Mume wa Yudith alikuwa dereva wa lori, ana miezi minne hajakanyaga nyumbani, tangu kabla mtoto hajazaliwa. Sasa piga hesabu mwenyewe anayetuhumiwa ni nani. Yudith akanitazama mimi, si mama mkwe wake. Alikuwa anasubiri niseme kitu.

Nilijifanya natafuta kalamu.

"Nitamwachisha ziwa lake bovu," Bibi akaendelea. "Nitamlea kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Na yeye arudi kwao hadi mume aje."

Mganga Mfawidhi alikuwa amesimama mlangoni. Akatuita ndani sote watatu na mtoto. Akamuuliza Yudith anakula nini tangu alfajiri hadi anapolala. Yudith akataja: uji wa maziwa, ugali na mgando, chai ya maziwa. Kijana yule akaacha kuandika.

"Sista, tumwondolee huyu mama maziwa ya ng'ombe," akasema. "Yote. Na mgando, na samli, na siagi. Wiki mbili hadi nne, tuone."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mbele ya wagonjwa. "Daktari, mtoto anakonda, nawe unamnyima mama chakula?"

Hakukasirika. Alieleza kwamba wapo watoto wachache ambao mwili wao unaikataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Huo ndio mzio, wengine mnasema aleji. Mama akinywa maziwa hayo, chembechembe zake hupita hadi kwenye maziwa ya kifua. "Ziwa la Yudith si bovu," akasema, akimtazama Bibi. "Aendelee kunyonyesha. Mtoto asipewe maziwa ya ng'ombe hata tone, wala ya mbuzi, maana yanafanana. Sina uhakika kama ndiyo yenyewe. Ila tukimwachisha ziwa tukampa ng'ombe moja kwa moja, naogopa."

Aliwaandikia rufaa kwenda kwa daktari wa watoto Dodoma mjini. Kule wakaambiwa vilevile: hakuna kipimo cha uhakika kwa hali ile, njia ni kuacha, kutazama, kisha kujaribu tena kwa uangalizi. Yudith akapangiwa mlenda wa karanga, maharage, mchicha, na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, ili mwili wake usikose madini ya maziwa. Bibi alisikiliza yote kichwa kikiwa chini. Kumbe hakuamini hata neno moja.

Wiki ya pili choo kikaanza kuwa kisafi. Wiki ya tatu Yudith alikuja na mtoto aliyelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Mstari haukupanda sana, ila ulipanda. Nilijifanya mtu wa kazi tu, kumbe nimefurahi hadi nimesahau kumwandikia tarehe ya kurudi.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, nilisikia kelele getini. Bibi Sechelela alikuwa anakuja mbio, kanga imemvuka kichwani, mtoto mikononi. Yudith alikuwa shambani, msimu wa kupogoa zabibu, ameondoka kwa saa moja tu. Elisha alikuwa amevimba midomo na macho. Mwili mzima mabaka. Alikuwa ametapika, na sasa pumzi inapita kwa mluzi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta. Alikuwa anabadilika rangi tukimwona.

"Adrenalini!" Mganga Mfawidhi akaita. Hiyo ni sindano ya paja, inafungua njia ya hewa mzio ukimkaba mtu. Dozi yake kwa mtoto mchanga ni ndogo sana, nami nilikuwa nimechoma watoto maisha yangu yote. Nilivunja kichupa cha kwanza kikamwagika. Cha pili ndicho kilichokuwa kimebaki kabatini. Nilikishika kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu kwa sauti, sijui benchi lilisikia nini. Mganga Mfawidhi akavuta dawa, akachoma.

Tukasubiri. Sijawahi kusubiri vile. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, ananishika gauni.

"Vijiko viwili tu," alikuwa anasema. "Alikuwa analia njaa. Nimempa vijiko viwili tu. Si wewe sista uliyesema maziwa ni dawa? Ulisema hapo, mbele ya watu. Uliandika."

Aliyeandika ni mimi.

Mluzi ukaanza kupungua. Rangi ikarudi kwenye midomo kwanza, kisha kwenye kucha. Yudith alifika akiwa bado ameshika mkasi wa kupogolea, akamchukua mwanawe, akakaa kwenye kiti changu akamtia ziwa bila kumwomba mtu ruhusa. Elisha akanyonya. Gari likampeleka mjini, akakaa chini ya uangalizi hadi kesho yake.

Alipofika mwaka na nusu walimjaribisha maziwa hospitalini, kidogo kidogo, sindano ikiwa tayari pembeni. Nilikwenda nao. Bibi Sechelela alitoka nje, hakutaka kuona. Yudith alihesabu pumzi za mtoto kwa midomo. Halikutokea lolote. Watoto wengi huuacha mzio huu wakikua, lakini msiwajaribu nyumbani. Nawasihi.

Tulipotoka, Yudith aliniuliza, "Siku ile waliponiambia nimembemenda, na wewe uliamini?"

Nilimwambia ukweli. "Niliamini kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto mgongoni.

Sasa nimestaafu, nakaa Mkonze. Walionifanyia sherehe walinisifu kwamba nimelea watoto wa mkoa mzima. Watu walipiga vigelegele, nami nilitazama sahani. Nilikuwa namkumbuka mama mmoja wa Mpwapwa, miaka yangu ya mwanzo, msichana mwembamba ambaye hata jina lake limenitoka. Mtoto wake alikuwa na mashavu yale yale, na damu nyembamba ile ile ndani ya ute. Nilimwandikia maziwa. Mwezi uliofuata alikuja mama mkwe peke yake, akasema msichana amerudishwa kwao, na mtoto sasa wanamlea wao kwa maziwa ya ng'ombe. Nikamsifu bibi yule kwa moyo wake mzuri. Mwezi wa pili hakuja mtu. Wa tatu hakuja mtu. Kwenye rejista kuna safu ya maelezo ya kwa nini mtoto haletwi tena, nami nilijaza bila kumtuma mtu kuuliza. Niliandika: Wamehama.