Waliisahihisha Sauti ya Mama

Wageni wa hoteli ninayopiga piano, pale ufukweni, hupenda kuniuliza jazi nilijifunzia wapi. Wanataka niseme Ulaya. Nawajibu nilijifunzia jikoni kwetu, mtaa wa Mabatini, kwa mama, wanacheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Mama alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto aliotoka nao kwao Bukoba, na kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na nota moja aliyoishusha kidogo kuliko sikio linavyotegemea. Kila siku, palepale. Nota hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Chochote nilichowahi kuipangia bendi, ukikichimba utaikuta humo.

Kanisani nota hiyo ilimponza. Mwalimu wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake kwamba anawaharibia, ni vizuri apumzike. Mama akapumzika mpaka mwisho wa maisha yake. Jumapili alikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Nilikuwa mdogo lakini nililiona, na sijalisamehe.

Alipofariki mwaka jana niliupanga wimbo wake kwa sauti nne, kwaya iuimbe kwenye ibada ya kumuaga kabla hatujampeleka Bukoba. Niliuandika kwa mkono, kwa do re mi, maana ndivyo kwaya zetu zinavyosoma. Ile nota niliwapa soprano peke yao, sauti nyingine zote zikae kimya. Nikampelekea mwalimu yuleyule, sasa mzee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema nimwachie, nikahudumie wageni wa msiba.

Siku ya ibada nilikaa kwenye kinanda. Waliimba vizuri mno, machozi yakanitoka. Wakafika mstari wa mwisho. Soprano wakapanda juu moja kwa moja, nota safi ya darasani, na sauti zote tatu zikajaa chini yao. Nilidhani wamekosea. Nikachukua karatasi ya dada aliyesimama karibu nami. Nota yangu ilikuwa imekatwa kwa kalamu, nyingine ikaandikwa juu yake, kisha wakatoa kopi za kwaya nzima.

Nilimfuata mwalimu nje, jeneza likiwa bado ndani.

"Mwalimu, nani alikutuma uguse karatasi yangu?"

Alishangaa kabisa. "Mwanangu, pale ulikosea. Nikaona nikusitiri. Mtu akiwa na msiba, akili haitulii."

Kunisitiri! Angekuwa wa rika langu ningemkunja shati. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa na ubaya wowote moyoni. Angekuwa na chuki ningejua pa kumkamatia. Alikuwa amesahihisha tu, kama anavyosahihisha kila karatasi inayopita mkononi mwake.

"Ile siyo kosa," nikamwambia. "Ile ni sauti ya mama. Ulimtoa kwenye kwaya akiwa hai, na leo umemtoa tena."

Niliona anatafuta kichwani, anatafuta kwa bidii.

"Kwani mama yako," akauliza taratibu, "aliwahi kuimba kwaya?"

Nilirudi ndani, nikakaa kwenye kinanda, nikaibonyeza ile nota moja ya mama, nikaishikilia mpaka walipomaliza kumtoa nje.