Maji Yaliyokataa Kutoa Sauti

Nilirudi nyumbani Shanwe, Mpanda, na laptop na kichwa kizito. Msimamizi wangu wa chuo alishaniambia kwenye simu, bila kuzunguka: mpaka Ijumaa nisipompa sauti, nibadilishe mada nianze upya. Nianze upya! Na mama alishaitangazia jumuiya nzima kwamba mwanaye anamaliza.

Kazi yenyewe kuieleza si ngumu. Mwanga wa leza ukiyapiga maji kufumba na kufumbua, pale ulipopiga panapata joto ghafla, panatanuka, panasukuma maji ya jirani. Msukumo huo ukisafiri ndiyo sauti. Mimi nilikuwa nayakokotoa hayo kwenye kompyuta, na mstari wa kwenye skrini ulitakiwa unyanyuke sauti inapopita. Wangu ulikuwa umelala tu.

"Kwa hiyo leza huna," mama alisema, anapepeta mchele. "Maji huna. Na sauti yenyewe huna."

"Sina, mama."

"Sasa baba, huko chuo mnafanya nini?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilibadilisha hiki, nikagusa kile, nikaongeza nguvu ya leza: kimya. Joto lilikuwa linaingia, naliona kabisa, na maji yametulia kama hayajaguswa. Jamani, lilikuwa linaenda wapi? Nilifika mahali nikatilia shaka hata kujumlisha. Kila jaribio lililolala nililifuta kwa hasira huku nalitukana.

Alhamisi mchana umeme ukakatika, nikatoka kununua maji. Jua la Mpanda siku hiyo halikuwa na adabu. Dada wa dukani akaniuliza anachomuuliza kila mteja:

"Ya baridi au ya moto?"

Ya moto ni yale tu ambayo hayajakaa kwenye friji. Nikafungua mdomo, nikakwama. Kwani yale yangu ya kwenye kompyuta ni yapi?

"Kaka, si useme? Watu wanasubiri."

Nikaondoka bila maji. Niliyapa nyuzi joto nne mwenyewe, kwa sababu tu kwenye jedwali uzito wa maji pale ni kilo elfu moja kamili kwa mita ya ujazo, namba nzuri isiyo na mkia. Nikafungua kitabu dirishani: karibu na nyuzi nne, maji ukiyapasha hayatanuki. Yasipotanuka hayasukumi. Wee!

Umeme ulirudi jioni. Nikaweka nyuzi ishirini na nane, mstari ukanyanyuka. Nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimeona nyoka. Nikamtumia msimamizi mchoro hapohapo, nikamweleza na kosa la nyuzi nne.

Akajibu: "Vizuri. Lakini programu yoyote inaweza kuchora wimbi. Nionyeshe hesabu ya nyuzi nne, iliyonyamaza kama maji halisi. Hiyo ndiyo itaniambia kama yako haidanganyi. Bila hiyo, mada inabadilika."

Mungu wangu. Zote nilikuwa nimezifuta, na ndani ya programu nilishagusa vitu vingi mpaka sikumbuki nilichogusa. Nani alijua kama maji ya baridi yangenyamaza tena? Nikarudisha nyuzi nne. Mama akaja kusimama nyuma yangu.

"Tunaomba upande?"

"Hapana, mama. Omba usipande."

"Si ndio huo mstari uliolala uliokuwa unautukana?"

"Ndio huo huo."

Akanitazama, hakuelewa chochote, akafanya ishara ya msalaba akaomba hivyo hivyo. Mstari ukalala mpaka mwisho wa skrini, nami nikalia mbele ya mama yangu.