Siku Wakwe Walikuja Kuomba, Maji Ikanichukua na Kiti

Najua hii habari imekwisha kufika sokoni Birere na watu wanaiongezea chumvi, basi heri niieleze mimi mwenyewe, aibu ni yangu.

Nina parseli, kiwanja changu, upande wa Sake, nilijenga kwa mikono yangu, na shule niliiacha mapema (nyumba haijaanguka). Chini ya ukuta kuko bonde kavu, pana, la muchanga laini. Siku moja watu wa iniversite walikuja na droni yao, mukubwa wao musichana anaitwa Furaha, akaniambia: "Papa, zamani tulikuwa tunangoja maji ipite ndipo tupime. Siku hizi tunasoma namna udongo umekaa na mawe yamelala, na tunauliza wazee. Maji ilishapita hapa?"

Nikamujibu: "Mutoto, huku maji inaingia katika mawe ya volkano. Haitembei."

Akapanda vijiti vyekundu kando ya bonde kuonyesha njia ya maji, akaniomba nisiving'oe.

Juma lililofuata ilikuwa dote, mahari ya binti yangu Noella. Wakwe wanatoka Bukavu, watu wa heshima, nikataka waone uwanja mupana, basi niling'oa vile vijiti na kusimamisha hema palepale kwenye muchanga (na vijiti vyenyewe, musiniulize, vilishika kamba za hema vizuri sana).

Jua lilikuwa kali. Juu ya milima ya Masisi mawingu yalikuwa meusi, lakini nikasema Masisi ni Masisi, huku ni huku. Sasa, kwetu baba wa binti akikaa mbele ya wakwe hasimami mpaka musemaji wao amalize kuomba; akisimama, ni kama amekataa. Musemaji yuko katikati ya maneno, nikasikia sauti kama kamyo, lori kubwa, inashuka bila freni, wageni wakakimbia kupanda ukingo, bibi yangu, mama Noella, akalia, "Baba Noella, simama!", nami nikaona nikisimama nimevunja ndoa ya mutoto, nikakaa. Maji ikafika magoti, ikafika kifua, halafu kiti cha plastiki kikaamua chenyewe, kikanibeba pamoja na hema mpaka kwenye ndizi za jirani.

Walinivuta na kamba. Musemaji, suti yake kavu kabisa, akaniangalia toka juu: "Papa, tulikuja kuomba binti, hatukuja kuvua baba yake."

Noella akafunika uso.

"Maliza maneno yako," nikamwambia musemaji, "mimi sijasimama bado." (Kweli, nilikuwa nimelala.)

Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akamaliza kuomba palepale, nami nikaitika katika matope.

Furaha alirudi kutafuta maji ilipanda mpaka wapi, akakuta alama zote zimefutika. Nikaleta kiti, nikakiweka pale pale, nikakaa, nikamuonyesha na kidole: hapa, kwenye kifungo cha pili cha shati. Akapima, hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Vijiti vipya nimevipiga mimi mwenyewe na jiwe. Binti wa pili akipata muchumba, wakwe nitawapokea juu, kwenye mawe, hata kama viti vitayumba.