Nilivyomtafsiria Bibi Filamu ya Mwandishi wa Kijapani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya tafsiri kule Ruwi, Uarabuni, nilifika mapema mno nikakuta mlango umefungwa. Kazi nilijifunza peke yangu chumbani, kwa kompyuta ya kuazima, na nilikuwa na hakika kwamba kabla ya chai wataniona si lolote. Mkuu wa kitengo cha Kiswahili, Bi Zuwena, alinifundisha kupanga muda: maneno ya chini ya picha yatokee mtu anapofungua mdomo, yaondoke anaponyamaza.

"Mistari miwili, basi," alisema. "Watu wamekuja kutazama, hawakuja kusoma."

Kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa filamu ya maisha ya mwandishi mmoja wa riwaya wa Kijapani, mtu mwenye dhiki ya moyo. Anaandika ukurasa, anauchana, anauandika tena, mpaka mkewe anachoka. Kijapani sikijui, mazungumzo nilipewa kwa Kiarabu. Lakini yule mtu nilimjua. Nilisahihisha, nikarudia, nikaomba muda, nikaomba tena. Bi Zuwena akaniita.

"Wazee wetu wanaonyeshwa filamu hii Ijumaa. Kesho nisipoipata, nampa mwengine, na majaribio yako ya kazi yataishia hapo hapo. Wallahi sitaki, mwanangu."

Jioni hiyo alinichukua kwao Mabela, akamkalisha mama yake mbele ya kompyuta. Bibi hakutazama kimya. Alizungumza na picha, kama wanavyofanya wazee wetu waliohamia huku kutoka Unguja.

"Huyu hali chakula? Mbona mashavu yameingia ndani?"

"Soma, mama," Bi Zuwena akamwambia.

"Nnasoma. Nnamgombeza huku nnasoma."

Ikafika pale mke anapookota vipande vya karatasi sakafuni. Hakuna anayesema. Nami, kwa hofu ya kuacha kitu, nilikuwa nimeandika yote: mvua inanyesha, mchakacho wa karatasi, mke anashusha pumzi, mke analia. Bibi aliinamisha kichwa huku na huku, kama mtu aliyekaa nyuma ya nguzo.

"Mwanangu, ondoa haya. Nnataka kuiona mikono yake."

"Lakini Bibi, utajuaje kama analia?"

"Mie nimeolewa miaka yote hii, nisijue?"

Bi Zuwena alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifuta mstari baada ya mstari. Tuliporudia, Bibi aliacha kuinamisha kichwa. Alishika ncha ya mtandio wake, akatazama.

Asubuhi nilimkabidhi Bi Zuwena filamu.

"Imekwisha?"

"Haijesha. Lakini ichukue."

Aliichukua haraka kabla sijaghairi, na kazini nikabaki.

Kitengo chetu sasa kimefungwa, nami nimestaafu kabla sijafika thelathini. Nyinyi mnaoanza kutafsiri mtanisamehe nikizungumza kama mzee. Bado naamka nikisahihisha sentensi nilizokwisha kuzikabidhi. Hata hivyo kazi hii naishukuru, na Bi Zuwena namshukuru zaidi. Nikiikumbuka Ijumaa ile, nauona ukumbi mzima umenyamaza, na chini ya mikono ya yule mke hapana neno langu hata moja. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile.