Mlingoti Katika Tangawizi ya Beatha

Watu wa Myamba, kijiji cha milimani, walizoea kumcheka Beatha kwa kupalilia na redio. Aliitundika kwenye mparachichi pembeni mwa shamba, akainamia tangawizi yake, na mpira ukitangazwa jembe lake lilikwenda mbio au lilisimama kufuatana na mambo ya uwanjani. Mpita njia akiuliza nani anaongoza, alijibiwa mabao, dakika, na kosa la beki aliyesababisha.

Mpira aliupata kwa mumewe. Alipokuwa msichana alishuka tambarare kila Jumapili baada ya ibada kuuza ndizi kwenye kambi ya wakata mkonge, na huko akaonana na Lugano, Mnyakyusa aliyeletwa na kazi, beki wa timu ya kambi. Wakaoana. Ukoo ukanuna kwamba binti amechukuliwa na mtu wa kuja, kisha ukazoea.

Mwaka wa themanini, Tanzania ilipokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika, nchi ilikuwa imetoka vitani na dukani hakukuwa na hata kiberiti, sembuse betri. Beatha alizianika betri kuukuu juu ya bati tangu asubuhi, akawa anazigeuza kama mtu ageuzaye dagaa, ili jioni redio iweze kusema. Mechi zote tatu za kundi walizisikiliza wakiwa wamebanana barazani na majirani wa kambi. Wenyeji wakatufunga tatu kwa moja. Misri wakatufunga mbili kwa moja. Na Ivory Coast tukatoka sare ya moja kwa moja, safari ikaishia hapo. Lugano alijifuta machozi. Beatha alisema shida ilikuwa mechi ya kwanza, tuliingia na woga, na timu ikiingia na woga kwenye kundi haiamki tena.

Miaka mitatu baadaye malaria ilimchukua Lugano, katika zahanati ambayo siku ile haikuwa na hata kidonge. Beatha alirudi Myamba na binti yake Lukia. Baba yake, kabla hajafa, aliwaita wazee wa ukoo, akawaonyesha mipaka ya shamba la kileleni, akasema mbele yao: hili ni la Beatha. Alilima tangawizi, akasomesha mtoto, hakumwomba mtu chumvi.

Basi ikafika Juni ya mwaka wa tisini, Kombe la Dunia likachezwa Italia. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na vitu ambavyo zamani vilionekana kwa wakubwa tu sasa vilishuka kwenye malori pale Hedaru. Mfanyabiashara mmoja wa Hedaru, Zebedayo, mzaliwa wa Myamba, alileta televisheni na jenereta, akapatana na mwenyekiti wa kijiji, Aminieli, kwamba viwekwe kwenye ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu kwa sababu kahawa ilikuwa haikusanywi tena kama zamani. Gari halikuweza kupanda mpaka juu. Wanaume wanne walibeba jenereta kwa mti. Madumu ya mafuta yalibebwa na wanawake kichwani, Beatha akiwa mmoja wao.

Picha ilitegemewa kutoka televisheni ya Kenya, maana Bara hakukuwa na kituo. Zebedayo na vijana walizunguka vilima viwili siku nzima na antena mkononi, wakapata chenga tupu. Siku ya pili walipanda kwenye shamba la Beatha, na sura ya mtu ikatokea kwenye kioo kule ghalani, hatua mia moja chini yake.

Aminieli alikuwa mtoto wa baba yake mdogo Beatha. Alikuja jioni ile, akakaa kwenye kigoda.

"Dada Beatha, kijiji kinakuomba nafasi ya mlingoti wa antena."

"Hilo si ombi gumu, kaka. Nataka mambo mawili. Watu wapite kwenye mfereji, wasipite kwenye tangawizi. Na mimi nikae nitazame, maana mpira wa mataifa nimeusikia redioni miaka kumi sijauona."

"Hayo tu? Utakaa kiti cha mbele," Aminieli alisema, akacheka.

Ijumaa, siku ya ufunguzi, Kameruni walicheza na Argentina, mabingwa wa dunia. Saa kumi na mbili jioni Beatha alijifunga kitenge chake cha ibada, akateremka na jirani yake Leticia. Mlangoni alisimama Hezroni, mgambo wa kijiji, ameushika mlango kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mama Lukia. Humu mmejaa."

"Marahaba. Mbona bwana Elinaza ameingia sasa hivi?"

Hezroni akatazama chini. "Mwenyekiti amesema wanaume kwanza. Wanawake watapangiwa siku nyingine, nyimbo na kwaya zikionyeshwa."

"Mwite mwenyekiti."

Aminieli alitoka, akamvuta kando kama mtu anayemficha mgonjwa. "Dada, usiniaibishe. Kuna wageni wa kata mle ndani. Mwanamke akiingia, kesho wote watataka. Na kusema kweli, wewe ungeelewa nini? Redio inakueleza, televisheni haielezi."

Beatha alikaza kitenge, akamgeuzia mgongo. Alirudi nyumbani, akaketi mlangoni. Kutoka pale aliusikia mngurumo wa jenereta na vifijo vya wanaume, na kila kifijo kilimuuma, kwa maana hakujua ni cha nini. Mara ghala zima lilipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka. Nani kafunga? Betri za redio yake zilikuwa zimekufa tangu juzi. Ilibidi asubuhi aambiwe na mtoto wa Elinaza kwamba Kameruni wameshinda moja kwa bila wakiwa watu tisa uwanjani. Watu tisa! Na mlingoti ulioleta habari hiyo ulikuwa umesimama hatua ishirini kutoka kitandani kwake.

Kulipopambazuka vizuri aliona jingine. Kila picha ilipoharibika usiku ule, vijana walikuwa wamepanda kugeuza antena, na hawakupita kwenye mfereji. Matuta manne ya tangawizi yalikuwa yamelala chini, majani yamesagwa, vichipukizi vimetoka nje ya udongo.

Alikwenda kwa Aminieli. Aminieli alikuwa anakunywa uji.

"Tangawizi itaota tena," alisema. "Na kumbuka, dada, ile ni ardhi ya ukoo. Wewe umepewa kuitumia."

Kama angesema jambo lingine lolote, pengine yangeisha kwa kununiana. Lakini wazee waliosikia kauli ya baba yake walikuwa hai bado, wawili wao, na Aminieli mwenyewe alikuwepo siku ile, akala nyama ya mbuzi aliyechinjwa kuishuhudia kauli hiyo. Beatha alimtazama mpaka kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni, kisha akaondoka.

Alhamisi Kameruni walikuwa wacheze na Rumania. Saa tisa alasiri Beatha na Leticia waliifungua mikanda ya mlingoti, wakaulaza taratibu bila kuvunja kitu, wakakunja waya vizuri, wakaiingiza antena ndani, wakafunga mlango. Beatha akachukua jembe, akaanza kuinua matuta yaliyolala.

Walipanda saa kumi na moja, Zebedayo mbele, Aminieli nyuma yake anahema, na wanaume kama ishirini.

"Mama, antena ni mali yangu," Zebedayo alisema.

"Ni mali yako. Chukua uende nayo. Isimame kwako."

"Kwangu haishiki."

"Hilo nalijua."

Aminieli akapaza sauti. "Beatha, unakwamisha shughuli ya kijiji. Nitakupeleka baraza la kata."

Hapo Beatha aliweka jembe chini. "Nipeleke. Nitawauliza swali moja. Siku ya msaragambo, tulipoitwa sote kuchimba ndiva ya kukingia maji ya mashamba, mwezi wa tatu, nani alibeba mawe? Nilibeba mimi, alibeba Leticia, alibeba mama yako na mgongo wake ule. Mafuta ya jenereta hii nani aliyapandisha? Siku hizo hamkusema wanaume kwanza. Kijiji kinakuwa cha wote mzigo ukiwepo. Raha ikija, kijiji kinakuwa ghala lenye mlango, na mlangoni mgambo."

Mzee mmoja, Melkizedeki, mmoja wa wale wawili waliobaki, alisema polepole, "Shamba hili ni lake. Mimi nilikuwepo." Akageuka, akaanza kuteremka.

Zebedayo naye alikuwa na kiburi chake. Alichukua antena akaipeleka kwenye kimoja cha vile vilima viwili vya kwanza, wakahangaika nayo mpaka giza, wakaona chenga. Kameruni waliwafunga Rumania mbili kwa moja, na wanaume wa Myamba waliipata habari hiyo kwa redio, kama Beatha alivyoipata miaka yote.

Jumapili baada ya ibada, Zebedayo alikuja peke yake. Alisema wanawake wataingia, tangu mabenchi ya mbele, na waliokanyaga tangawizi watarudisha matuta. Beatha aliusimamisha mlingoti mwenyewe, akionyesha pa kushika.

Jumatatu Kameruni walicheza na Warusi, na Beatha aliketi mbele na Leticia na wanawake wengine kumi na wanne. Saa nne usiku mpira ukaanza. Mwanzoni hakufuata mpira kabisa; alitazama majani, jinsi uwanja ulivyokuwa mpana, jinsi beki alivyorudi nyuma kabla mpira haujapigwa, jambo ambalo Lugano alijaribu kumweleza kwa vijiti mchangani na hakulielewa. Halafu Warusi wakaanza kufunga. Moja, mbili, tatu, nne.

"Si unaona," sauti ya Elinaza ilitoka nyuma. "Wamekaa wanawake mbele, tumekula nne."

Watu wakacheka. Beatha aligeuka. "Kameruni walishafuzu kabla hawajaingia uwanjani, Elinaza. Wamecheza kama watu walioshiba. Na hata kwa nne hizo, kundi wanaongoza wao. Hujui kuhesabu pointi, au hujui kutazama?"

Kicheko kilimgeukia Elinaza.

Mwezi wa nane alikuja mgeni kutoka wilayani Same, kukawa na mkutano. Aminieli alisoma taarifa, na katika taarifa ile alisema uongozi wake umeona vema kuwapa akina mama nafasi ya kupata habari kupitia televisheni. Mgeni akapiga makofi. Beatha akanyoosha mkono, Aminieli akasema maswali baadaye, lakini Beatha akasimama hivyo hivyo.

"Hukutupa nafasi," alisema. "Ulitufukuza mlangoni. Mwambie na hilo mgeni aandike."

Mgeni alifunga kalamu yake, akatabasamu, akauliza ajenda inayofuata ni ipi. Beatha hakungoja aisikie. Alipanda kilima kwa hatua ndefu, mashavu yakiwaka. Kati ya matuta yale manne, vijana walikuwa wamerudisha mawili. Mengine yalibaki wazi mpaka vuli, na aliyaotesha mwenyewe.