Goti la bibi na hodi ya baba

Leo, Jumamosi. Nitasimulia yote bila kuficha, hata sehemu ya mapaja.

Bibi yangu mzaa mama, wa hapa Nanyala, amekimbia.

Ndiyo, huyo huyo ambaye goti lake halikunjiki.

Tangu likizo ianze namkanda kila jioni kwa mafuta ya alizeti ya uvuguvugu, kama nilivyoelekezwa kituo cha afya. Natamani Pasaka atembee mwenyewe hadi kanisani, asipakiwe kwenye bodaboda kama gunia la mahindi.

"Bibi, kunja kidogo tu, taratibu."

"Kunja la kwako, mjukuu wangu. Hili langu limefunga ofisi."

Alikuwa amelala mkekani, khanga imepandishwa hadi mapajani. Mara tukasikia, "Hodi!"

Baba! Ametoka Tunduma bila taarifa.

Sasa, kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, sembuse mapaja yanayong'aa mafuta.

Nilipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa nyuma ya jiko.

Amechuchumaa!

Nikapiga kigelegele. "Bibi, limekunjika!"

"Nyamaza wewe! Ameondoka?"

Baba alipoondoka, ofisi ikafungwa tena. Nilimrudisha mkekani kwa kumkokota, huku akilalamika kwamba sijui kukanda.

Lakini nimeona kwa macho yangu: goti lile linaweza.

Wapendwa, nijibuni leo hii: nimwombe baba awe anapiga hodi kila jioni, au huo ni utovu wa adabu?